Alipolala Kobe

Harufu ya udongo mbichi wa matofali hunirudisha kwenye lambo letu, lililokuwa likikauka kila kiangazi. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Hata ujumbe wa simu naufuta na kuuandika upya. Lakini siku ile, nikiwa mtoto, sikusita.

Baba mdogo na wenzake walikuwa wanachimba tope la kufyatulia matofali. Walipofika ukingoni, penye mizizi ya mafunjo, nilikimbia nikakaa mbele ya majembe yao. Hapo ndipo nilipokuwa nimemwona kobe wa maji akijifukia, wiki kadhaa nyuma, maji yalipokuwa yanaisha.

"Toka, mama," baba mdogo alisema. "Kobe alishahamia mtoni."

"Amelala hapa. Anasubiri mvua."

"Amekwambia?" Wenzake wakaangua kicheko, naye akapiga goti kwa mzaha. "Shikamoo, mama kobe!"

"Marahaba," nikaitikia. "Chimbeni kwingine."

Kicheko kikakatika. Mtoto kupokea shikamoo ya baba yake! Akanyanyua jembe. Nikayashika mafunjo kwa nguvu, nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, alikuwa upande wa pili wa lambo, anagonga changarawe na kulaani.