Jora la Dirishani

Kwaya yetu ya Butiama iliponituma Musoma kununua vitenge vya sare ya sherehe, haikunichagua kwa uaminifu. Ilinichagua kwa mdomo.

Dukani nilimkuta binti aliyekabidhiwa kaunta mwezi ule ule. Tajiri mwenye duka alikuwa pembeni anakunywa chai. Binti akashusha majora mawili ya ua moja. Nikahesabu pisi, nikarudia: zinatosha. Yeye akayabeba yote mawili hadi nje, akayaangalia juani, akarudi nayo.

"Mama, haya siwezi kukuuzia pamoja. Hili lilikaa dirishani, limepauka. Mkisimama, nusu ya kwaya itaonekana imevaa ya mwaka juzi."

"Ndiyo vizuri. Nipunguzie, hizo zilizopauka tutawapa besi. Wanasimamaga nyuma, nani anawaangalia?"

"Na wewe unasimamaga wapi?"

"Mbele."

"Haya," akasema, akaanza kuyakunja ayarudishe.

Mimi nina mbinu yangu ya siku zote: muuzaji akikaza, namruka naenda kwa tajiri. Tajiri akilegeza, muuzaji anabaki pale kaunta kama kiti, na kuanzia siku hiyo hakuna mteja anayemsikiliza. Binti alijua ninakokwenda. Mikono yake ilisimama juu ya kitambaa.

"Mzee, mteja anakukimbia," nikasema. "Nachukua yote mawili, nipunguzie tu."

Hata hakuyatazama. "Binti amesemaje?"

"Amekataa kuuza."

"Basi hatujauza."

"Kwani duka la nani?"

"Duka langu. Kaunta yake." Akarudia chai yake.

Binti akamaliza kukunja, taratibu, mgongo umenyooka. Kisha akapiga simu duka lao la Bunda. "Nitolee lile la stoo, siyo la dirishani. Litoe nje kwanza ulione." Kesho yake asubuhi nilirudi, jora likashuka na basi. Nikaomba punguzo, mazoea tu. Hakunipa. Ila alinifungia uzi wa rangi ile ile bila kuombwa, na hakugeuka kumwangalia tajiri kwanza.

Jumapili ya sherehe nilikagua mstari wetu mara mbili. Hata besi walipendeza. Mama mmoja wa kwaya ya Bugwema akaniuliza tumenunua wapi. Nikamwelekeza.

"Wanapunguza?"

"Muulize binti wa kaunta," nikamwambia. "Yule mzee wa chai mwache. Atakurudisha kwa binti huyo huyo."