Ukuta Uliokandikwa na Watu Wawili

Mwinjuma Kombo wa Zinga ni mkwezi wa minazi. Hupanda, huangua, hufua, na makuti husuka yeye mwenyewe. Nyumba yake iko upande wa pwani wa barabara kuu ya Bagamoyo na Dar es Salaam. Kwa mtazamo wa mpita njia ni nyumba ya udongo kama nyingine zote. Ina ukuta mmoja, hata hivyo, ambao Mwinjuma humwonyesha kila mgeni kabla hajamkaribisha kiti. Ni ukuta wa chumba cha ndani, upande wa kusini, na aliukandika mara mbili mwaka 1947.

Mwaka huo alikuwa na mke kijana, Ashatu, mwenyeji wa Miono. Ashatu alipokuwa mja mzito wa mtoto wao wa kwanza alirudi kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo desturi, na huko angekaa mpaka arobaini itoke. Mwinjuma akabaki peke yake na nyumba ya chumba kimoja, na akili yake yote ikawa kwenye chumba cha pili.

Alikijenga mwanzoni mwa mwaka, mvua za vuli zilipokwisha, kwa kuziba upande mmoja uliokuwa wazi wa ukumbi wa nyuma. Alikata nguzo za mikoko, akafunga fito kwa kamba alizozisokota mwenyewe kutokana na makumbi. Mbao za sanduku la chai, alilopewa na mwenye duka, akazigeuza dirisha la kufunga na kufungua. Alitengeneza susu ya kumlaza mtoto, akaitundika kwenye boriti na kuijaribu kwa kuweka ndani yake nazi mbili kubwa. Majirani walikuja kumsaidia kukandika, wakala wali, wakaenda zao.

Kosa lilikuwa kwenye udongo. Mwinjuma alikuwa amewaona mafundi wa nyumba za mawe mjini Bagamoyo wakichanganya chokaa na mchanga, na ukuta wao haukuwa na ufa hata mmoja. Kuta za Zinga hupasuka. Hakutaka mwanawe alale kwenye chumba chenye nyufa za kupitisha nge. Kwa hiyo alishuka pwani na mapakacha, akabeba mchanga mweupe wa ufukoni, akauchanganya na udongo mwekundu. Maji aliyachota kwenye kisima cha karibu na mikoko, maana cha maji ya kunywa kilikuwa mbali. Hakuuliza mtu, na majirani waliokuja kukandika walikuta udongo umeshapondwa.

Ukuta ulikauka vizuri sana kwenye joto la kaskazi, wala haukupasuka. Akaupaka chokaa, ukang'aa.

Arobaini ilipotoka, mama mkwe alimrudisha bintiye mwenyewe. Waliteremka kwenye lori la mfanyabiashara wa mahindi: Bi Mwaija mbele na kikapu, Ashatu nyuma yake na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa wa kike, jina lake Tabia, na alikuwa mdogo. Alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, na kifua chake kililia kama filimbi kila alipovuta pumzi.

Hapa lazima ielezwe jinsi mkwe na mkwe wanavyoishi katika familia hizi. Mwinjuma alimwamkia Bi Mwaija kwa mbali, macho chini: "Shikamoo, Mama." Akajibiwa marahaba. Baada ya hapo hawatazamani usoni, hawakai mkeka mmoja, na neno lolote la maana hupita kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu siku hiyo alikuwa Bi Dija, mjane wa nyumba ya jirani, aliyekuja kumwona mtoto na hakuwa na haraka ya kuondoka.

Mwinjuma akakaa uani akingoja kusifiwa. Bi Mwaija aliingia chumba kipya. Hewa ya siku hizo ilikuwa nzito, masika yalikuwa yananukia. Aliweka kiganja ukutani. Chokaa ilimbandukia mkononi kama magamba ya samaki, na chini yake udongo ulikuwa umelowa. Akagusa ncha ya ulimi kwa kidole.

"Bi Dija," aliita.

"Labeka."

"Mwambie mkwe wangu, ukuta huu ameujenga au ameupika? Maana chumvi imekolea."

Kati ya dirisha na Mwinjuma hapakuwa na hatua tano. Bi Dija alitoa kichwa nje akapiga kelele kama anayemwita mtu wa kijiji cha Mlingotini: "Mwinjuma! Mkweo anauliza ukuta umeujenga au umeupika!"

"Nimesikia, Bi Dija."

"Usiniambie umesikia. Jibu."

"Mwambie Mama nilitia mchanga wa pwani usipate kupasuka."

"Anasema alitia—"

"Nimemsikia," alisema Bi Mwaija. "Mwambie chumvi haikauki. Itavuta maji masika yote, na huyu mtoto kifua chake ndicho hiki mnachokisikia. Hapa halali. Leo tutalala kwako, Bi Dija, ukitukubalia. Lori linarudi Miono Jumamosi. Likinikuta na ukuta huu, naondoka na mwanangu na mjukuu wangu. Mvua zikishika, mto Wami hauvukiki. Tutaonana zikiisha."

Bi Dija akavuta pumzi ili ayarudie yote hayo, kisha akaona uso wa Mwinjuma, akakirudisha kichwa ndani.

Mwinjuma alikuwa hajampakata mtoto wake. Alikuwa amefunuliwa kanga, akamwona uso na mkono mmoja. Sasa alijua kwamba asipofanya kitu angemwona tena akiwa na meno.

Siku hiyohiyo aliubomoa ukuta. Udongo wote aliubeba mbali na nyumba, akazisugua fito kwa maji ya kunywa, akabakiwa na mifupa mitupu ya ukuta. Ashatu alimletea uji, akamnong'oneza maneno ya mama yake, ambayo safari hii hayakupitia kwa Bi Dija: achimbe udongo wa kichuguu, akatekate nyasi kavu achanganye, auponde kwa miguu mpaka ushikane, na asiguse maji ya kisima cha mikoko. Miono hivyo ndivyo wanavyofanya, na nyufa zao ni chache.

Udongo aliupata. Watu hakuwapata. Majirani wote walikuwa wamehamia mashambani bondeni, kulima kabla ya mvua, na katika majuma hayo hata ndugu wa tumbo moja humwombi kazi. Na ukuta wa fito haukandikwi na mtu mmoja. Mmoja husimama nje na mwingine ndani, na madongo yao hutupwa pamoja, pahala pamoja, ili yakutane katikati na kushikana. Dongo la upande mmoja huteleza likaanguka.

Mwinjuma alijaribu. Jumamosi, tangu jua kuchomoza, alitupa dongo nje, akakimbia kuzunguka kupitia mlangoni, akatupa la ndani. Alipofika, la nje lilikuwa chini.

"Unakandika au unacheza kidali po?" Bi Dija alimuuliza kutoka barazani kwake.

"Bi Dija, njoo unisaidie."

"Mimi na mgongo huu? Nikiinama leo, mtanizika nimeinama."

Ashatu alikuwa na mtoto aliyekataa kulala ila kifuani. Bi Mwaija alikuwa ameketi kando yake, kikapu chake kimeshafungwa. Alitazama dongo jingine likiteleza. Kisha akainuka, akajifunga kanga moja kiunoni, ya pili akajitanda kichwani mpaka kwenye nyusi, akaingia ndani ya kile chumba kisicho na ukuta na kuinama kwenye lundo la udongo.

"Bi Dija," alisema, "mwambie mkwe wangu aanzie chini, kwenye pembe."

"Mwinjuma, anzia chini, kwenye—"

Dongo la Mwinjuma lilikwisha kutua. La Bi Mwaija likalikuta hapohapo, na yote mawili yakabaki.

Mwanzoni kazi ilikuwa ya aibu. Kati yao palikuwa na fito na hewa tu. Mwinjuma aliangalia mikono yake na Bi Mwaija aliangalia yake. Bi Dija alipeleka maneno: kulia, kushoto, hili jepesi, lile lina jiwe. Lakini dongo halimngoji mjumbe. Neno lilipofika, udongo ulikuwa umeshaanguka, na baada ya mara kadhaa Bi Mwaija alisema tu, bila kumtaja mtu, "Tia." Mwinjuma akatia. "Juu kidogo. Haya. Tia."

"Basi mimi nimefukuzwa kazi," alisema Bi Dija, akaenda kupika mihogo.

Ukuta ulipanda. Ulipofika kiunoni walikuwa wamefichana nusu. Ulipofika kifuani, honi ya lori ilisikika barabarani, ndefu, mara mbili. Mwinjuma alisimama na dongo mkononi. Ashatu alitoka barazani na mtoto.

"Mbona mkono umesimama?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Lori, Mama."

"Nimelisikia. Tia udongo."

Kisha akaita kwa sauti kubwa: "Bi Dija! Nenda ukamwambie dereva apite. Awaambie watu wangu Miono shamba la kisimani walime wao wakiweza, wasipoweza lilale."

Mwinjuma ni mkulima pia, alielewa alichokisikia. Bi Mwaija alikuwa mjane, na shamba lile ndilo lililokuwa linamlisha. Lori likiondoka, hakuna jingine kabla ya mvua, na msimu wake wote ulikuwa unaondoka nalo. Akatia udongo.

Walimaliza jua likiwa bado juu, ukuta ukiwa umepita vichwa vyao na kila mmoja akimsikia mwenzake bila kumwona hata kidole. Siku zilizofuata waliwasha makumbi katikati ya chumba, moto mdogo usiokoma, na kila asubuhi Bi Mwaija alipitisha kiganja ukutani toka pembe hadi pembe. Mvua ziliwasubiri kidogo. Zilipokuja, zilikuja mchana, kwa kishindo, na Bi Mwaija akatoka hadi mlangoni akamwambia bintiye, "Ingiza mwanao chumbani kwake."

Mwinjuma alikuwa nje, amejibanza chini ya upenu, mgongo wake kwenye ukuta. Ndani alisikia susu ikibembea, na pumzi ya mtoto.

"Mama," aliita kupitia ukutani.

"Naam, baba."

"Shamba lako limekosa msimu kwa ajili ya ujinga wangu."

"Kwa ajili ya huyu."

"Hata hivyo, ahsante, Mama. Sijui nikushukuruje."

"Ulifunga fito vizuri," alisema Bi Mwaija. "Zingekuwa mbovu nisingeinuka."

Alikaa Zinga hadi Wami ulipovukika. Mihogo na samaki wa Zinga vilimtosha, na kifua cha Tabia kilipona taratibu. Leo, mwaka 1955, Tabia ana miaka minane na kelele zake zinasikika mpaka barabarani. Bi Mwaija aliporudi kwao, Mwinjuma alimfuata na jembe, akampandia mtama na kunde katika miezi iliyobaki ya mwaka.

Tangu hapo, kila masika yakikaribia, hufunga safari kwenda Miono na kulima shamba la kisimani kwanza, lote, mpaka kwenye mpaka wa jirani. Halafu ndipo hurudi kulima lake. Lake huchelewa kila mwaka, na watu wa Zinga humcheka kwa mpunga wake mfupi. Hucheka nao, na huuvuna mfupi hivyohivyo.