Enzi za Ujamaa nilikagua Gongo la Mboto, Kigamboni na Chamazi kutafuta pa kuishi bila kutegemea duka

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mjini na wa shamba.

Naona vijana humu mnaulizana ni eneo gani nje ya mji mtu anaweza kujitegemea hata maduka yakifungwa. Mie swali hilo nililijibu kwa miguu yangu. Sitaongeza chumvi, maana mdogo wangu, ambaye ndiye kisa chenyewe, bado yupo na humu huwa anasoma.

Kwanza mnijue. Mie ni Mmakonde wa Newala. Nilikuja Dar nikachonga vinyago, vinyago vikanisomesha masomo ya jioni, halafu nikapata nafasi Bulgaria. Nikarudi na diploma ya kilimo. Mtaani kwetu Temeke hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Sijisifu, natoa taarifa.

Nikakuta mji ni foleni tupu. Sukari foleni, sabuni foleni, unga ndiyo usiseme.

Lakini ishu iliyoninyima raha ilikuwa mdogo wangu Saidi. Hakuwa na ajira, alikuwa anaishi kwangu, na mgambo walikuwa wanapita mitaani kukusanya wasio na kazi ili warudishwe vijijini kwao. Kwetu Newala wazazi walishafariki na nyumba ilishaanguka. Akirudishwa angefikia kwa nani?

Kwa hiyo nilitaka shamba karibu na mji. Saidi akae huko, ajulikane ni mkulima, na shamba litulishe sote.

Nikaanza ukaguzi. Silaha zangu zilikuwa baiskeli, jembe na chupa tupu. Unatia udongo kwenye chupa, unaongeza maji, unatikisa, unaacha utulie. Mchanga unakaa chini, mfinyanzi unabaki juu, nawe unasoma kila tabaka.

Kuhusu kisima nilikuwa nauliza akina mama tu. Wanaume hawachoti maji, watakwambia hakikauki.

Gongo la Mboto mihogo ilikuwa inastawi vizuri, ila kiangazi maji yalikuwa mbali mno. Nikapafuta.

Kigamboni upepo mzuri, samaki wapo, lakini visima nilivyoonja vilikuwa na chumvi. Halafu pantoni ikiharibika umekwama ng'ambo. Wa Kigamboni msinitukane, daraja halikuwepo.

Chamazi ndiyo ilinikaa rohoni. Bonde la mpunga chini, juu mihogo na kunde, kuni zipo, kisima kitamu ambacho akina mama watatu tofauti walinihakikishia hakijawahi kukauka. Nikamwambia mke wangu, hapa hata duka likifungwa mwaka mzima sie tunakula.

Na nilikuwa sahihi, wakuu. Kwenye udongo na maji sijawahi kukosea.

Mwenyekiti wa kijiji akatupeleka kwa Mzee Kibwana, Mzaramo mwenye sehemu kubwa ya mteremko ule. Mzee akatuazima kipande bila maneno mengi. Saidi akajenga kibanda, akapanda mihogo. Tukapumua.

Sasa mie na diploma yangu nikaona mihogo peke yake haitoshi. Mtu anayejiandaa kwa miaka ya shida anahitaji mti wa kudumu. Nikaenda kutafuta miche ya minazi, nikaipanda kwa mistari iliyonyooka kama gwaride.

Kesho yake Mzee Kibwana akaja, akaitazama ile mistari, akaniuliza kwa upole kama nimeamua kumhamisha.

Wasio wa Pwani niwaeleze. Huku ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Ukiazimwa shamba unapanda mihogo, mpunga, mahindi, unavuna, basi. Ukipanda mnazi umetangaza kwamba hutoki, wewe wala wajukuu zako. Kule kwetu Newala na mikorosho yetu nilipaswa kulijua hilo, lakini Bulgaria hawafundishi.

Badala ya kuomba radhi nikamjibu kisomi: "Mzee, siku hizi ardhi ni ya umma."

Hakubisha. Alisema tu, "Basi mwambie umma umtafutie mdogo wako kwingine," akaondoka. Akatupa mpaka Ijumaa tuwe tumetoka.

Nikarudi Temeke nimenywea. Mke wangu Nyanzala, Mnyamwezi wa Tabora, alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja: "Huyo mzee ni Mzaramo?" Nikasema ndiyo. Akajifunga khanga.

Mnajua Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Tulipofika hakutoa hata shikamoo. Aliingia uani kwa mzee, akaketi kwenye mkeka wake na kunyoosha miguu.

"Babu zangu walitoka Tabora kwa miguu, mizigo kichwani," akasema. "Walipofika hapa babu zako wakawauzia maji. Maji ya Mungu! Nimefuata deni."

Mzee akasema, "Hawakulipa. Walikunywa kisima kikabaki tope, wakakimbia. Ndiyo maana nyie mnapenda kutembea."

Wake zake wakaanza kucheka jikoni. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni kama mzigo uliosahaulika.

Nyanzala akanionyesha kwa kidole. "Huyu mume wangu amesoma mpaka akili imemwagika. Minazi ile ni yako, mzee. Umepandiwa na mtu wa Ulaya, bure. Shemeji yangu atainywesha, nawe utamwacha alime chini yake."

"Na nazi?"

"Tutaomba. Mtani hanyimwi."

Mzee akaagiza chai. Saidi akabaki.

Miezi ikapita. Siku moja Saidi alileta mihogo Temeke, mgambo wakamkamata sokoni. Mie nilikwenda kituoni na vyeti vyangu vyote, suti ya Bulgaria mwilini. Hawakuvisoma. Wakasema hivyo ni vyangu, si vyake.

Nikatuma mtu Chamazi. Mchana Mzee Kibwana akafika mwenyewe, kanzu imejaa vumbi la njiani. Hakuomba, alilalamika.

"Mmenichukulia mtu wangu," akawaambia. "Kiangazi hiki, minazi yangu nani ataimwagilia?"

Mkubwa wao akamuuliza kama anamfahamu huyu kijana. Mzee akasema, "Anakaa kwangu."

Wakamfungulia.

Minazi ile ingekuwa yangu, mzee angekuja kufanya nini?

Shamba lilitulisha miaka yote ya shida, sie na majirani. Saidi hajahama Chamazi mpaka leo.

Kwa hiyo nyie mnaotafuta maeneo, pimeni udongo, onjeni maji, tena mje mniulize, nitawajibu kitaalamu. Halafu kabla ya kupanda chochote, jiulizeni: siku nikipata matatizo mjini, nani wa hapa atafunga mlango wake anifuate?

Mliolima Mbagala, Pugu, Chanika enzi zile, uwanja ni wenu. Kwenu alikuja nani?