Nilinyamaza Kama Mwari, Sasa Nina Wachumba Wawili

Wewe unayesimamia ukurasa huu, jina langu lifiche, na kijiji changu usikitaje, sema tu ni upande wa Tanga. Huku wananijua kwa mdomo. Nina miaka sitini na tatu, mjane mwaka wa saba huu, wajukuu kumi na mmoja. Shule niliishia darasa la nne na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo anayetaka kunisahihisha herufi apite kando.

Naishi na mjukuu wangu, binti wa miaka ishirini. Ana hadithi zake za mapenzi kwenye simu, na jioni nikisuka ukili wa mikeka ananisomea kwa sauti. Kuna moja ya binti anaitwa Shufaa. Sehemu ya kwanza alikuwa na wanaume wawili, akalia wee, akachagua mmoja, tukashukuru yameisha. Sehemu ya pili inaanza, yule aliyeachwa karudi, na Shufaa anapima upya kama mtu yuko duka la vitambaa. Sura ya kumi na mbili bado moyo wake ati haujui. Nilimtukana mpaka ukili ukanipotea mkononi.

"Bibi, anaogopa kukosea," mjukuu wangu akamtetea.

"Anaogopa kukosa," nikamwambia. "Angeogopa kukosea angeuliza wakubwa. Huyu anataka wote wawili wamngojee mlangoni."

Na sikuishia kwa wa kwenye simu. Mwaka jana huyu mjukuu aliposwa, akaomba wiki moja afikiri. Nikasema mbele ya shangazi zake kwamba msichana anayeomba wiki ana mwingine uvunguni. Alilia, posa ikavunjika, na mpaka leo shangazi zake wanamtazama kwa jicho la pembeni. Sikumtaka radhi. Mimi watoto siwataki radhi.

Sasa sikilizeni yangu. Mwezi uliopita bwana mmoja wa Tongoni alileta posa kwa kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye walii wangu wa kuniozesha. Ni mtu wa minazi yake, mpole, alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu. Paa la jiko langu aliliezeka bila kuombwa, akanywa maji, akaenda zake. Kaka aliwaacha wageni barazani akaingia ndani kuniuliza, "Mdogo wangu, tuwajibu nini?"

Nikainamia ukili wangu. Nikanyamaza.

Wenye dini mnajua, na mimi maharusi nawafundisha hilo hilo: mwari akinyamaza amekubali, lakini mjane lazima atamke mwenyewe. Kaka naye anajua. Akacheka tu, akasema, "Haya zako hizo, tangu utotoni," akatoka. Nikasikia barazani wanasoma Fatiha, posa imepokelewa. Ningekohoa tu angerudi kuniuliza tena. Sikukohoa.

Sikukohoa kwa sababu yupo wa Pangani. Huyu alinitaka kabla sijaolewa, baba yangu akamkataa. Mkewe alifariki, tukaonana kwenye msiba wa jamaa, akachukua namba yangu. Tangu hapo kila asubuhi ananitumia sauti, na ananichekesha. Siku tatu baada ya ile Fatiha akanipigia, akaniuliza kama aje na wazee wake. Nikamwambia, "Njoo, mimi nipo." Kwa mdomo wangu huu. Hajui kwamba anakuja kuposa juu ya posa ya Mwislamu mwenziwe. Nimemtia kwenye dhambi naye anadhani anafanya la heri.

Mjukuu wangu alikuwa anaosha vyombo uani, akasikia yote. Akaja akakaa karibu yangu.

"Mke mwenzangu," akasema, ndivyo tunavyotaniana, "kumbe Shufaa tunaye humu humu ndani."

Nikamwambia afunge bakuli lake. Hakufunga.

"Mimi niliomba wiki moja, bibi. Niliomba kwa sauti, watu wote wakanisikia. Wewe umewakubalia wanaume wawili na hukuomba hata siku."

Nikaokota ukili wangu, nikausuka kombo, nikaufumua.

Aibu inayonichoma si kuwa na wawili. Aibu ni kwamba nilifurahi. Wiki zote hizi nimekuwa naenda dukani nimevaa kanga ya doti mpya kununua kibiriti, mwanamke mzima, kwa kuwa kuna watu wawili wananifikiria. Wa Tongoni nikimfikiria natulia. Wa Pangani nikisikia sauti yake nasahau magoti yanayoniuma. Nikijilazimisha kushika mmoja, naona kama yule mwingine namzika.

Kaka anatafuta tarehe ya ndoa. Nikivunja ya Tongoni, kaka, mzee wa watu, atakuwa ametoa neno la uongo mbele ya wenzake wa msikitini, kwa ajili yangu. Nikimkataa wa Pangani, atarudi kwao na wazee wake mikono mitupu kwa mara ya pili maishani mwake. Wanatoka ng'ambo ya mto, wanavuka na kivuko Jumapili hii asubuhi, na wanawe wameshajua.

Jana nimemtaka radhi mjukuu wangu. Akasema amenisamehe, ila kunichagulia hatanichagulia.

Ndiyo nimekuja kwenu. Matusi nitupieni, nimeyatafuta mwenyewe, lakini ukishamaliza kutukana andika na la maana. Asiniambie mtu nifuate moyo, moyo ndio ulionileta hapa. Nishaurini, nianze kumwambia nani, kaka yangu au hawa mabwana wenyewe? Na nikishasimama mbele yao, nitamke jina la nani? Leo ni Alhamisi.