Mbio za Binti Yangu na Msiba Wangu

Huku kwetu Masukulu mtu hakimbii barabarani bila sababu. Anayekimbia ni mtoto aliyetumwa chumvi, au mtu aliyebeba habari ya kifo. Simu tunazo. Hata bibi vizee wanazo, wamezifunga kwenye pindo la khanga. Lakini simu tumeiachia mambo ya mbolea na salamu za Pasaka. Msiba lazima uje kwa miguu. Ukimpigia shangazi wa marehemu simu badala ya kumtumia mtu, atakuja, atalia vizuri, atazika, halafu atakusema mpaka na wewe uzikwe. Kwa hiyo ukiona mtu anakuja mbio unasimama, unatua ulichobeba, unauliza, "Ni nani?" Naye anakutajia.

Mwalimu wa michezo hakulijua hilo, na simlaumu. Alikuwa binti wa Singida, ajira yake ya kwanza, amekuja na koti jembamba akaambiwa hapa ndipo mvua inapoishi. Alikuta shule yetu ina kipindi cha michezo kwenye ratiba, tena kinaheshimiwa. Kengele ikigongwa wanafunzi wanatoka na mafyekeo kwenda kufyeka uwanja. Sasa, majani ya huku yanaota huku unayaangalia. Wakifika goli la chini, goli la juu limeshafunikwa. Kipindi kinaisha. Nimeishia darasa la saba na sijasafiri sana, lakini sijaona uwanja uliofyekwa vizuri kama ule, wala uliochezewa kidogo kama ule.

Yule mwalimu akawaambia wenzake kwamba kufyeka si mchezo. Walimwona ana dharau. Mmoja, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alimuuliza mbele ya sisi wazazi, "Madam, jasho si linatoka?" Akakubali kwamba linatoka. "Basi."

Mke wangu alikuwa amefariki mwezi wa nne, katikati ya masika. Alikohoa muda mrefu, tukazoea kikohozi chake kama watu wa mtoni wanavyozoea maji. Asubuhi ile kiliponyamaza, binti yetu, aliyekuwa kidato cha pili, alitoka mbio bila kutumwa kwenda kumwambia shangazi yake anayekaa ng'ambo ya shule. Nyumbani tulibaki mimi na marehemu. Watoto wetu wakubwa wako mbali na maisha yao.

Njia ya kwenda kwa shangazi inapita mbele ya shule. Yule mwalimu alikuwa amesimama getini na mwavuli. Alimwona binti yangu akipanda kile kilima cha shule, ambapo pikipiki zenyewe hushusha abiria, naye hakupunguza mwendo. Mwalimu akatazama saa yake. Wiki mbili baadaye akawa anauliza darasa kwa darasa, "Ni nani yule aliyepita hapa akikimbia vile?" Alipoambiwa alikuwa anakimbilia nini, alilia mbele ya wanafunzi. Lakini hakuacha kumtaka kwenye timu.

Akaja nyumbani kuniomba.

"Shikamoo baba. Pole sana. Binti yako ana pumzi."

Nikamwambia mama yake ndiye asiyekuwa na pumzi. Sikusema kwa ubaya, ndiyo ilikuwa kweli. Akasema mashindano ya shule za wilaya yako karibu, yatafanyika Tukuyu. Watatu wa kwanza wa mbio ndefu watakwenda mkoani. Alisema binti akifanya mazoezi kila asubuhi anaweza. Nilimtazama binti. Tangu mazishi alikuwa akila kama mtu anayelipa adhabu. Alisema, "Baba, nataka." Ni neno ambalo halikuwa limesikika ndani ya nyumba ile kwa muda mrefu. Nikakubali.

Kukubali hakukunigharimu kitu, kwa sababu mimi nilikuwa sitoki. Ndizi zangu zilikuwa zinaanguka na mikungu yake, chai imepita kimo cha kuchumwa. Watu walipiga hodi mwanzoni, baadaye wakachoka, na sikuwalaumu. Binti alikimbia kwenda shule na kurudi, kwa njia ya mkato ya migombani asikopita mtu. Mwalimu alimpa sheria moja kubwa: ukikimbia usiongee. Pumzi ni ya miguu, si ya mdomo. Mtu akikusalimia, inua mkono tu, upite.

Wiki tatu kabla ya mashindano mwalimu akamwambia njia ya mkato imeshakuwa fupi kwake, Jumamosi akimbie barabara kubwa mpaka kwenye mashamba ya chai na kurudi. Jumamosi ile kulikuwa na ukungu na manyunyu. Binti alichukua kitambaa cha mama yake akajifunga kichwani asilowane. Kilikuwa cheusi. Akatoka, nami nikajigeuza kitandani nikaendelea kulala.

Chini kidogo ya kwetu anakaa bibi mmoja ambaye husikia vibaya lakini huona mbali. Alikuwa anatoka kuchota maji. Akaona mtoto yule yule wa mwezi wa nne, kwenye barabara ile ile, anakuja mbio, na kitambaa cheusi kichwani. Akatua ndoo.

"We mwana! Ni nani?"

Binti hakujibu. Aliinua mkono, akapita.

Bibi alitafakari, na kusema kweli hata mimi ningetafakari hivyo hivyo. Habari gani hiyo ambayo mtoto hawezi hata kuitamka? Nyumba ile ina watu wawili. Mmoja ndiye huyu anayekimbia. Bibi akaweka mikono kichwani, akapiga yowe.

Mimi nililisikia yowe hilo kitandani. Likaitikiwa upande wa pili wa bonde, kisha kule juu, na sauti za akina mama zikaanza kusogea pamoja. Nilijua kuna mtu amekufa. Nataka niandike hili kama lilivyokuwa: nilijisikia vibaya kwamba nitalazimika kuamka. Lakini majirani hawa ndio walionichimbia kaburi la mke wangu kwenye matope, watu wa namna hiyo huwezi kulala wakifiwa. Nikavaa koti, nikachukua jembe, kwa sababu wanaume huenda msibani na jembe, nikatoka.

Barabarani ukungu ulikuwa mzito. Watu walikuwa wanapita kwa makundi, wanawake na mikungu ya ndizi na vikapu vya maharage, wanaume na kuni na majembe. Nikaingia nyuma ya wanaume wawili. Nikamuuliza wa karibu kwa sauti ya chini, "Ni nani?"

Akajibu bila kugeuka. "Yule mgane wa pale juu. Ameshindwa kukaa bila mkewe."

Nilimhurumia mtu yule hatua kama kumi. Niliwaza kwamba afadhali amepumzika. Ndipo nikaanza kujiuliza ni mgane gani huyo, maana huku juu nilikuwa simjui mwingine.

Wale wawili waliendelea kuongea.

"Alikuwa mtu mkimya."

"Mkimya sana. Hakuwahi kula cha mtu."

"Hakuwahi."

"Wala cha kwake hakuna aliyekionja."

"Hilo nalo kweli. Lakini tusiseme leo."

"Tutasema lini? Kesho tunamzika."

Sikujua mtu hufanya nini mahali kama hapo. Shuleni hatukufundishwa. Kukohoa niliona aibu, kurudi nyumbani siwezi, maana wao wote ndiko walikokuwa wanakwenda. Nikaendelea kutembea na jembe langu, tukakata kona, tukaingia kwenye ua wangu. Kulikuwa kumeshajaa. Bibi wa ndoo alikuwa amekaa mlangoni, amenyoosha miguu, analia kwa jina la ukoo wangu, ananiuliza nimemwachia nani mtoto. Nilisimama mbele yake. Nikasema, "Mama, mimi nipo."

Alinitazama kutoka miguuni kwenda juu. Vilio vikakatika kimoja kimoja. Mwanamume niliyemuuliza barabarani aligeuka, akaniona, akaangusha kuni zake miguuni kwake mwenyewe.

Nilitarajia kupewa pole, au kuchekwa. Bibi alikasirika.

"Upo wapi? Kanisani hupo. Gulioni hupo. Misibani wanakuja wenzako. Miezi sasa. Mtu haonekani, tukisikia amekufa tukatae kwa ushahidi gani?"



Jambo jingine lililotusumbua ni chakula. Kilicholetwa msibani hakirudi nyumbani. Atakayerudisha ndizi za msiba amebeba mkosi mpaka jikoni kwake. Akina mama walijadiliana kwa Kinyakyusa kwa haraka, kisha wakawasha moto na kumenya. Kwa hiyo watu walikula msiba wangu, nami nikala. Ndizi na maharage vilikuwa vizuri. Watu waliokuwa wamenisifu njiani walikaa mbali nami kidogo, kama watu waliokopesha kitu kwa haraka wakajuta.

Binti alirudi kutoka kwenye chai, akaona ua umejaa watu na moshi. Akasimama hapo getini. Alidhani ni msiba tena. Nilipomwona akitafuta uso wangu kati ya zile nyuso ndipo nikaacha kuona kichekesho chochote katika jambo lile. Nilikwenda nikamshika mkono mbele za watu, kitu ambacho sisi hatufanyi.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, amekuja na jembe kama wengine, akaona kikao kimejiita chenyewe. Hoja ikawa moja: huyu mtoto aache kukimbia barabarani. Mzee mmoja wa kanisa alisema moyo wake ni mgonjwa, hawezi kufiwa kila Jumamosi. Mwingine akasema atembee kwa haraka tu, si ni mazoezi pia? Mtu akamtuma bodaboda kumleta mwalimu. Alifika amelowa, akaona watu wakila kwa huzuni, naye akaketi kwenye mkeka akaanza kutoa pole. Ilibidi aelezwe mara mbili.

Alipoelewa, alisimama. "Wazee wangu, akiacha wiki hizi tatu, Tukuyu hana lake. Na mkoani ndiyo basi."

"Madam," akasema mwenyekiti, "huko Singida mtu akikimbia mnadhani nini?"

"Tunadhani anawahi basi."

"Basi hapa hatuna basi."

Watu walicheka kidogo. Lakini uamuzi ulikuwa umeshaelekea upande mmoja, na ukweli ni kwamba mimi nilikuwa nakubaliana nao. Ilikuwa rahisi. Mtoto angekaa, barabara ingenyamaza, nami ningerudi ndani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema hivyo. Binti hakulia wala hakuomba. Alianza tu kufungua kile kitambaa kichwani, akakikunja kidogo kidogo, kama mtu anayefunga mzigo wa safari iliyoahirishwa. Nikafunga mdomo.

Bibi wa ndoo ndiye aliyesema. "Shida si mtoto. Shida ni baba yake. Mtoto akipita mbio, mimi nikageuka nikamwona baba amekaa pale kwenye kona, nitalia nini? Nitachota maji yangu."

Mwenyekiti aliliona neno hilo lina akili, akaligeuza amri. Mtoto ataendelea kukimbia. Lakini kila asubuhi anayokimbia, baba yake awe amekaa kwenye kona ya barabara, mahali pa wazi, anaonekana yu hai, mpaka mtoto arudi. Siku nisipoonekana, mbio zimekwisha. Nadhani mimi ndiye mtu pekee katika wilaya nzima aliyewahi kupewa kazi hiyo.

Nikaenda. Asubuhi ya kwanza nilikaa kwenye jiwe kama mshtakiwa. Kila aliyepita aliniita baba kwa Kinyakyusa, akahakikisha. "Tata, upo?" Nipo. "Ndaga," yaani asante. Wengine walinisalimia mara mbili, kwenda na kurudi, kwa usalama. Siku ya nne nilichoka kukaa bure, nikaanza kufyeka migomba yangu iliyo pembeni ya kona. Wiki ya pili nilimpa mkungu yule aliyesema cha kwangu hakuna aliyekionja. Hakuuliza sababu, nami sikumwambia nilikuwa nyuma yake. Wiki ya tatu chai yangu ilichumika.

Siku ya mashindano nilitamani kwenda Tukuyu, lakini binti alisema, "Baba, wewe kaa kwenye kona." Mwalimu aliwachukua yeye na wenzake kwa gari asubuhi. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha. Mchana wote nililima palepale.

Gari liliwashusha njia panda, binti akamalizia kwa miguu yake. Mimi sikumwona kwanza. Nilisikia sauti ya bibi kule chini, na mwili wangu ukashtuka kabla ya akili. Lakini hakuuliza lile swali letu. Aliuliza, "Wa ngapi?"

Binti hakujibu, maana alikuwa anakimbia. Baadaye bibi alisema aliinua vidole vitatu. Akapiga yowe, na ng'ambo ya bonde mama mmoja akalidaka, akalirusha juu, "Wa tatuu," na sauti zikaanza kusogea pamoja kama siku ile. Habari ilinifikia kabla yake. Naongeza, kwa kuwa ndiyo kweli, kwamba wa nne aliteleza kwenye tope karibu na mwisho. Lakini tope lilikuwa la wote.

Akatokea kwenye ukungu, kitambaa cheusi kichwani, anapanda bila kupunguza mwendo. Nikasimama. Nikatua jembe.