Wimbo wa Babu Niliousahihisha

Harufu ya karatasi iliyotoka sasa hivi kwenye mashine ya fotokopi, bado ina joto, hunirudisha mbio hadi kwenye kiangazi nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nimesimama katika duka dogo la Alum Rock Road, Birmingham, lililouza kadi za simu, mabegi ya safari na mchele wa magunia, nimekumbatia nakala ishirini na nne za wimbo wa babu yangu. Mwenye duka aliniuliza kama ni kazi ya shule. Nikamjibu kwa maringo kwamba ni kazi ya kwaya, na kwamba nimeinakili mimi mwenyewe, kila nota. Nilivimba kichwa siku hiyo, sina haja ya kuficha.

Babu alikuwa amekuja kutoka Dodoma kukaa nasi miezi mitatu. Nyumba yetu ya Saltley, iliyobanwa na za majirani ukuta kwa ukuta, ilianza kunuka mlenda mkavu, mboga ya kwao aliyoileta sandukuni, na mama akawa anafungua madirisha huku akicheka. Alivaa koti na tai hata kama anakwenda kuanika nguo uani, na sweta juu, maana jua la Birmingham alilidharau kabisa. Alimsalimu kila aliyepita mtaani, ajibiwe asijibiwe, mpaka mzee wa Kipakistani mwenye duka la mboga akazoea kumwitikia "habari" kabla hajafika mlangoni. Mimi aliniita "bibi", kwa sababu nimerithi jina la marehemu mke wake, na akinituma maji alisema, "Bibi, mumeo ana kiu." Nilimjibu kwa Kiingereza, kama watoto wote tuliozaliwa hapa, naye akawa anajifanya kiziwi mpaka nijikokote kwa Kiswahili. Nilimpenda kupita kiasi.

Ndani ya sanduku, chini ya mlenda, alikuwa amefunga daftari kwa kipande cha kanga. Humo ndimo ulimokuwa wimbo. Aliutunga akiwa kijana, mwalimu katika shule ya misheni, enzi za Mwingereza Tanganyika. Wamisheni ndio waliomfundisha nota, zile do, re, mi zinazoandikwa kwa herufi, sauti nne moja chini ya nyingine. Wenzake walitosheka kutafsiri nyimbo za Ulaya; yeye akathubutu kutunga wa kwake, wa kumwomba Mungu mvua. Na kwa kuwa Wagogo, kabila lake, ndivyo wanavyoimba, aliifanya sauti ya pili iandamane na ya kwanza, ikipanda inapopanda na kushuka inaposhuka, nafasi kati yazo isibadilike. Mwalimu mkuu, Mwingereza, akazizungushia sehemu hizo wino mwekundu. Vitabu vya muziki vya kwao vilikataza sauti mbili kutembea hivyo. Akamwamuru azibadilishe, na siku ya sikukuu kwaya ikaimba wimbo uliobadilishwa, watu wakapiga makofi. Babu hakuufundisha tena popote. Kitu kimoja alikitaka kabla hajafa: kuusikia ukiimbwa kama alivyouandika. Baba aliyajua hayo yote. Mimi nilijua tu kwamba babu ana wimbo na kwamba kwaya ya kanisa letu, ya wauguzi wa Kenya na Wakongo na Watanzania wachache, imekubali kuuimba Jumapili ya mwisho kabla hajaondoka. Mama alituuliza ni nani mwenye akili timamu atakayeomba mvua Birmingham.

Daftari lilikuwa limefifia, kwa hiyo nikapewa kazi ya kulinakili upya. Babu alinifundisha zile herufi mezani jikoni, wiki nzima, akipiga mapigo kwa kijiko. Sasa, mimi nilikuwa msomi. Kila Jumatano mama alinichukua hadi Edgbaston, kwenye nyumba ya bibi mmoja wa Kiingereza ambaye mama alikuwa akimhudumia, mwalimu wa piano aliyestaafu. Bibi yule alinipenda akanifundisha piano na kanuni zake, na kanuni aliyoirudia kuliko zote ilikuwa hiyohiyo: sauti mbili zisiandamane kwa nafasi moja, hasa ile ya nota tano, kama toka do hadi so. Nilipofika ukurasa wa pili wa daftari nikaliona kosa. Kisha nikaona wino mwekundu umezungushwa palepale. Moyo ulinidunda kwa furaha: mwalimu wa zamani aliliona, nami nimeliona. Nikamwonea babu huruma kwamba amezeeka bila kupata nafasi ya kurekebisha. Kwa hiyo nikamrekebishia, kimya kimya, sauti yote ya pili, jinsi mtu anavyomfunga mzee wake kamba ya kiatu.

Siku ya mazoezi babu alikaa mstari wa mbele, koti limepigwa pasi, na baba kando yake. Mwalimu wa kwaya alikuwa Mama Njeri, muuguzi Mkenya mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Wakaanza. Ukurasa wa kwanza babu alitabasamu. Walipoingia wa pili nilimwona akiinua mkono, kama mtu anayetaka kusimamisha gari. Mama Njeri akawanyamazisha.

"Kuna shida, mzee?"

"Hizi karatasi," babu akasema. "Nani ameziandika?"

"Si ni huyu msichana wako! Amekaa chini akai-copy yote, page kwa page. Hata mimi singeweza."

Kwaya nzima ikanigeukia, wengine wakanipigia makofi. Babu naye akageuka akanitazama. Akaushusha mkono akauweka gotini.

"Kazi safi," akasema. "Endeleeni."

Tulipotoka nilimshika mkono nikamuuliza kama ameupenda. Akasema ameupenda sana, na mimi nikamwamini. Jumapili waliuimba vizuri kwa kweli, besi za Wakongo zikatikisa madirisha, na babu akasimama kuwashukuru wote mmoja mmoja. Kulikuwa na mvua nje, watu wakacheka wakasema maombi yamejibiwa upesi mno. Alhamisi iliyofuata tulimsindikiza uwanja wa ndege. Baada ya miaka miwili akafariki.

Nilikuwa mtu mzima baba aliponieleza kisa chote cha wimbo ule. Siku ile ya mazoezi, nilipokwenda kuchukua sweta langu, alimuuliza babu kwa nini aliwaacha waendelee, naye akamjibu, "Nimwaibishe mtoto mbele ya watu kwa ajili ya sauti ya pili?" Nililia jikoni kwa baba kama niliyefiwa upya. Hasira ilinijia pia, nami sijui ilikuwa juu ya nani: juu ya mwalimu mkuu, juu ya kitabu, juu ya bibi wa Edgbaston ambaye hakunitendea ila wema, au juu yangu mwenyewe.

Sasa mwalimu wa kwaya ni mimi. Tunaabudu mtaa wa Lozells siku hizi, nusu ya waimbaji wamezaliwa hapa na wanasoma Kiswahili bila kukielewa chote, lakini wimbo wa babu tunauimba kama alivyouandika, sauti ya pili ikiandamana na ya kwanza kila hatua. Watu huja kuniambia jinsi ulivyo mzuri. Ni mzuri. Huwa naisikiliza sauti hiyo ya pili na kuhesabu ni mara ngapi nimeisikia mimi, ambaye sikuitunga.

Mwezi uliopita alinitembelea msichana wa chuo kikuu anayeandika tasnifu kuhusu Waafrika waliotunga muziki wa kwaya wakati wa ukoloni. Nilimwekea mezani daftari, na pembeni yake nakala moja ya fotokopi. Alizilinganisha muda mrefu, akapiga picha wino mwekundu, akatikisa kichwa kwa uchungu. Kisha akagusa ile fotokopi.

"Na huyu aliyemharibia mara ya pili," akauliza, "alikuwa mmisheni gani?"

Nikamtajia jina langu, polepole, nikangoja mpaka amalize kuliandika.