Anti Wakesho na Madirisha ya Wodi

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Anti Wakesho alitoka nje na leso kifuani akaenda kusoma kipimajoto. Alikuwa amekitundika nyuma ya nyumba, upande usiopigwa na jua, ndani ya kikapu cha plastiki chenye matundu. Alikisoma mara mbili. Kisha aliandika kwenye daftari la shule: tarehe, saa, joto, na neno moja la upepo. Kuna siku aliandika "Sagalla", yaani upepo umetoka upande wa mlima ule. Kuna siku aliandika "hamna". Baada ya hapo ndipo alipiga mswaki.

"Anti, si jana uliandika?" nilimuuliza wiki ya kwanza nilipokuja kukaa kwake.

"Jana ilikuwa jana," alisema. "Leo nayo ina haki yake."

Alikuwa dada mdogo wa baba. Alizaliwa Wusi, kule juu milimani kwenye ukungu, mahali watu wanalala na blanketi mbili hata Januari, na labda ndiyo sababu joto la huku chini Voi lilimshangaza hadi akaamua kulifanya kazi. Alisomea uchoraji wa majengo Mombasa, akarudi akaandikwa na Bwana Donald, msanifu mwenye ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kutembea, penseli siku zote imechomekwa kwenye nywele. Hakuolewa, hakuzaa, na hakuwa mtu wa kueleza kwa nini.

Kazi yake watu wa ploti yetu hawakuielewa. Mbinya, jirani wa mlango wa pili, alizoea kumtania akianika nguo.

"Wakesho, nasikia unajenga nyumba za kompyuta. Yangu ya kukaa utanijengea lini?"

"Lete kwanza shamba, mama."

"Shamba pia si utalichora?"

Mimi niliielewa kwa kuangalia tu, maana shule niliiacha darasa la sita, na kwa Anti kulikuwa na meza moja ya kila kitu. Alichora jengo kwenye kompyuta, akaiambia ukuta ni wa udongo gani na una unene gani, bati ni la rangi gani, dirisha linaangalia wapi, watu wangapi watalala ndani. Kisha akaipa hali ya hewa ya mwaka mzima, saa kwa saa. Programu ikafikiri, wakati mwingine hadi chai ikapoa, halafu ikamwambia ndani kutakuwa na joto kiasi gani na umeme kiasi gani utaliwa kulipoza. Msingi haujachimbwa, na yeye tayari anajua saa tisa mchana ya Februari mtu atakaa vipi ndani ya jengo lile.

Shida ni kwamba faili ya hali ya hewa aliyopewa ofisini ilikuwa ya Mombasa. "Mombasa usiku ni jasho," alisema. "Voi mchana inakuchoma lakini usiku inakuhurumia. Nikitumia Mombasa nitakuwa nadanganya watu." Ndipo akanunua kipimajoto. Miaka minne aliandika, na kwa madaftari yale akairekebisha ile faili mpaka ikafanana na Voi yetu. Yaani mtu huyu hakuwa wa kubahatisha. Nataka hilo lijulikane kwanza.

Mimi nilipata kibarua cha kupiga deki katika kituo cha afya kilicho upande wa barabara ya Taveta. Wodi ya akina mama waliojifungua ilikuwa chumba cha zamani chenye bati tupu. Mchana ilichemka. Wafadhili walipokubali kujenga wodi mpya, kazi ya kuichora ikaangukia ofisi ya Bwana Donald, na Anti akafurahi kama aliyeitwa kwenda kucheza ngoma.

Mchoro wa kwanza ulikuwa na mashine za kupoza hewa, sita. Anti alizikataa. Stima ya pale ilipotea mara tatu kwa wiki. Alisema mashine isiyo na stima ni boksi ukutani. Akataka kuta nene za matofali ya udongo ulioshindiliwa, bati jeupe, dari iliyojazwa ndani kuzuia joto, veranda ndefu upande wa magharibi, na madirisha makubwa yanayotazamana. Siri yote ilikuwa usiku: madirisha yakae wazi, hewa ya baridi ipite, kuta zipoe hadi ndani, ili kesho yake jua likija likute kuta zina nafasi ya kulipokea. Na umeme kidogo wa sola uliokuwa usaidie mashine uende kwenye friji ya chanjo.

Wiki tano alifanyia kazi jengo hilo. Jumapili moja mchana Bwana Donald akaja nyumbani kuona hesabu ya mwisho. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe. Anti akageuza kompyuta amwonyeshe mstari mwekundu unaopanda na kushuka.

"Nyuzi ishirini na tisa?" Bwana Donald akasema. "Februari? Bila mashine? Wakesho, wewe ni noma!"

"Ngoja. Kumebaki kitu kimoja. Inaniuliza madirisha yatakuwa wazi kutoka saa ngapi hadi saa ngapi."

Akanigeukia. Penseli mkononi, uso umeng'aa.

"Daisy, wewe ndiye mwenye wodi. Madirisha ya kule mnafungua?"

Hapa ndipo ninaporudi kila siku kichwani. Kwa sababu nilijua. Kila asubuhi nilipoingia na ndoo yangu nilikuta madirisha ya ile wodi yamefungwa yote, na yale yaliyolegea yamefungwa kwa kamba na kuzibwa kwa leso. Mbinya mwenyewe alipojifungua pale, nilisogea kufungua dirisha lake akanipigia kelele.

"We Daisy! Subiri nimfunike mtoto! Unataka upepo umwingie kifuani?"

"Ni joto, mama."

"Joto halijaua mtu. Na nje pale watu wanapita, kila mmoja amwangalie na jicho lake? Funga."

Nikafunga. Walikuwa hivyo wote, Wadawida wa kwetu milimani, Wakamba, Waswahili wa mjini, hakuna aliyeacha mtoto mchanga apigwe na upepo, sembuse wa usiku. Nilikuwa nayafungua asubuhi wakati wa kupiga deki, sakafu ikauke, na nikitoka tu yanafungwa tena.

Hayo yote nilikuwa nayo mdomoni. Lakini wiki iliyotangulia nilikuwa nimesema neno kuhusu mfereji wa paa, na Bwana Donald akacheka, "Ala! Hata Daisy siku hizi ni injinia." Alicheka vizuri tu, si kwa ubaya. Na Anti alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona. Nikainamia maharagwe.

"Nayafungua mimi, Anti," nikasema. "Kila siku."

"Umesikia?" akamwambia Bwana Donald. Akaandika: saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Sikudanganya. Nimejiambia hivyo mara nyingi na haijanisaidia. Niliulizwa swali nikajibu kipande kinachopendeza.

Wodi ilifunguliwa Oktoba. Ilikuwa nzuri, nyeupe, watu walikuja kupiga picha verandani. Novemba mvua ikanyesha na kila mtu akasifu. Anti alikuwa anapitia pale jioni akitoka kazini, anapapasa ukuta kwa kiganja kama mtu anayepapasa shingo ya ng'ombe. Akinikuta nimepiga deki, madirisha wazi sakafu ikauke, alivua viatu, akapita pembeni kabisa ukutani, asiniharibie sakafu.

Kisha ikaja Januari. Madirisha yalikuwa makubwa kuliko ya zamani, kwa hiyo akina mama walileta leso nyingi zaidi. Ukuta mnene usipopewa usiku wa kupoa hukaa na joto lake, na kesho yake unaongezewa lingine. Kufikia Februari ukiingia asubuhi ilikuwa kama kufunua sufuria. Akina mama wakaanza kulalia verandani mchana, watoto wamefunikwa nguo tatu. Mtoto mmoja wa siku nne akapandwa na homa ya joto, akakataa kunyonya, wakamkimbiza hospitali kubwa. Alipona. Lakini alipelekwa amelegea, na mamake analia barabarani bila viatu, na watu wote wa kituo waliona.

Anti alikuja siku hiyohiyo. Akatundika ndani ya wodi vifaa vitatu vidogo vya kurekodi joto na kuviacha wiki nzima. Alipoviondoa na kuvichomeka kwenye kompyuta pale ofisi ya Sista Mwanamina, muuguzi mkuu wa wodi, mstari haukushuka usiku hata kidogo. Ulikaa juu, umelala. Thelathini na nne. Thelathini na tano.

"Sista, madirisha haya usiku yanafungwa?"

Sista Mwanamina ni mama wa Kiislamu wa hapa mjini, mpole, lakini neno lake halizungushi.

"Mwanangu, yafunguliwe na nani? Mzazi na mwanawe hawapigwi na upepo siku arubaini. Mimi nilipojifungua kifungua mimba wangu, mamangu aliziba hadi tundu la ufunguo. Kwani Daisy hajakwambia? Si yeye ayakutaye yamefungwa kila asubuhi ya Mungu?"

Nilikuwa mlangoni na ndoo. Anti hakugeuka kunitazama. Alifunga kompyuta polepole, akamshukuru Sista, akaondoka.

Nyumbani hakuniuliza. Tulikula ugali na sukuma, akasema chumvi imezidi kidogo. Nilingoja anigombeze. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kuomba msamaha, na nilipoyapanga vizuri nikagundua amemaliza kula. Asubuhi yake alitoka moja kwa moja akapiga mswaki. Kipimajoto kilikaa kwenye kikapu chake, hakikusomwa.

Mkutano ukafanywa siku hiyo saa nane, ndani ya wodi yenyewe, kwa sababu Sista alisema wakubwa nao waonje. Bwana Donald alikuja na tai akailegeza kabla hajakaa. Akina mama walisikiliza kutoka verandani. Nilikuwa nimetoka kupiga deki, sakafu bado mbichi.

"Sista, kwa heshima," Bwana Donald akaanza, "jengo halina kosa. Kosa ni matumizi. Tutabandika karatasi ukutani: Tafadhali fungua madirisha usiku."

"Karatasi," Sista akasema. "Na mzazi akikataa, karatasi itamlea mtoto?"

Akina mama wakacheka. Mmoja wao, sikumwona uso, akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyo aliyeichora hii, amewahi hata kulea?"

Anti alikuwa amesimama karibu na dirisha, mkono juu ya leso iliyofungwa pale, ya kijani, yenye ndege.

"Sijalea," akasema. "Na jengo lina kosa. Bwana Donald, usiwatwike hawa. Kompyuta iliniuliza saa za madirisha nikaijaza nilivyotaka iwe. Upepo wa Voi nimeupima miaka minne. Hawa hawa sikuwapima hata siku moja."

"Lakini uliuliza, Wakesho," Bwana Donald akasema. "Mimi nilikuwepo. Si ulimuuliza..."

"Sikumuuliza mtu," Anti akasema.

Sasa ndipo akanitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa kabla ya safari. Ulimi wangu ulikuwa hapo, watu wote walikuwa hapo, ningeweza kusema, Aliniuliza, na nilijua. Maneno matatu manne tu. Nikashika mti wa fagio la deki kwa mikono miwili.

Akatoa karatasi mkobani, akaitandaza juu ya kitanda kitupu. Alikuwa amechora usiku uliopita bila mimi kujua: matundu marefu juu kabisa chini ya dari, yenye wavu, ya kutazamana, mahali ambapo upepo utapita juu ya vichwa bila kugusa kitanda wala kuonyesha mtu.

"Haya hayafungwi na leso kwa sababu hayafikiwi," akamwambia Sista. "Lakini msinisadiki. Waulizeni wao kwanza, mmoja mmoja, mnionyeshe niliyokosea." Halafu akacheka kidogo, peke yake. "Mumwonyeshe atakayekuja."

Akachomoa penseli kwenye nywele, akaiweka juu ya mchoro isipeperuke, ingawa hapakuwa na upepo wowote mle ndani.

"Wakesho, unaenda wapi?" Bwana Donald akauliza. "Hatujamaliza."

"Nakuja sasa hivi."

Alipita katikati ya sakafu yangu mbichi, na viatu vyake, bila kuvivua. Akashuka veranda, akina mama wakamsogezea miguu apite. Langoni aligeuka kulia, upande wa stendi ya magari ya Wusi, si kushoto kunakoenda ofisini. Nilidhani bado kuna wakati. Niliinama nikafuta nyayo zake, moja moja, hadi mlangoni, na nilipoinua kichwa barabara ilikuwa na vumbi tu, na hadi leo hajarudi.